Sumu Niliyoitafuta mu Sahani ya Maman Nabintu

Juzi nilipita mu garage moja ya huku Kadutu, nikaona kijana anapiga rangi ku mulango ya taxi, pua wazi, mudomo wazi, na kando yake kikombe ya maziwa imefunikwa na karatasi. Nikamuuliza: "Mutoto wangu, ile maziwa ni ya nini?" Akanijibu kwa heshima, sawa vile mutu anamujibu muzee mwenye anauliza kitu yenye kila mutu anajua: "Papa, ni ya kuosha kifua kiisha kazi." Nikacheka mpaka nikakohoa. Kiisha nikakaa chini juu ya pneu moja ya zamani, mupira ya gari, juu ile jibu njo mimi nilikuwa natoa maisha yangu yote, na sauti yangu ilikuwa kubwa kupita yake.

Basi nyinyi vijana wa rangi, muzime compresseur, ile mashini ya hewa, kidogo munisikilize. Mimi njo Bisimwa, ule mwenye wanaita Papa Pistolet. Ni pistolet ya kupuliza rangi, ile ingine naiogopa sawa nyinyi. Nilipiga rangi magari ya muji huu wa Bukavu: taxi, bus, gari za mapadri, gari za arusi, hata gari ya kubeba maiti, na mwenyewe akaniambia imependeza sana, watu watapenda kupanda. Kama mulishakuona hapa mujini gari ya bleu yenye mulango moja iko bleu ya namna ingine, musitafute mbali. Ni kazi yangu.

Nilifundishwa na muzee Kalimba, Mungu amupumuzishe. Kalimba alikuwa na njia yake ya kupima diluant, ile maji kali ya kulainisha rangi. Anatia kidole ndani, anainusa, anafunga macho, kiisha anasema: "Hii iko safi," ao: "Hii wameichanga na essence ya gari." Alikuwa hakosei. Lakini pua yake ilikuya kufa kabisa. Siku moja bibi yake alisahau maharagi ku moto, nyumba yote ikajaa moshi, majirani wakakuya na ndoo za maji, na muzee Kalimba eko anakaa mu kiti yake anauliza kama chakula itakuwa tayari saa ngapi. Tulimucheka mu garage mwezi muzima. Hakuna mutu hata mumoja mwenye alijiuliza ile pua ilienda wapi. Mimi nilisema ni uzee, na miaka yake wakati ule ilikuwa haijafika yangu ya leo.

Kalimba njo alitufundisha kwamba kama jioni nguo yako hainuke rangi, haukutumika. Mimi nilikuwa mwanafunzi muzuri. Nilikuwa narudia ku nyumba na nguo zangu za kazi, natembea katikati ya njia, ili watu wote wasikie harufu ya mutu wa kazi. Bibi yangu, maman Cibalonza, alikuwa ananivulisha ku mulango na mikono ya mbali, na mimi nilikuwa naona ananiheshimu. Watoto walikuwa wanalia kichwa kinauma, nawaambia walale mapema. Mikono naosha na diluant, juu sabuni nilisema ni ya wanawake. Ikakuwa myeupe, ikapasukapasuka sawa njia ya Bagira wakati wa jua. Siku ya mungu, jumapili, padri akisema tupeane amani, jirani yangu wa kiti ananipatia amani na ncha za vidole. Nilisema: huyu ananionea wivu.

Sasa ile maziwa. Patron wetu, mwenye garage, Papa Murhula, hakukuwa mutu mubaya. Kila siku saa sita maziwa ilikuwa inafika na bidoni kutoka Mudaka, ya moto moto, na yeye mwenyewe anasema mbele yetu: "Maziwa inakamata sumu, inaishusha. Mukunywe, bana yangu." Na nani njo alikuwa mukubwa wa kugawa? Mimi. Nilikuwa na kikombe yangu ya kupimia na kitambaa ku bega. Kulikuwa kijana mumoja mwenye maziwa ilikuwa inamuharisha, nikamulazimisha kila siku, juu sikutaka akufe na mimi niko pale. Alikuwa anapiga couche moja ya rangi anakimbia choo, anarudia, anapiga ingine. Niliona hata vile sumu inatoka.

Wakati ule rangi ilikuwa inakauka polepole, na vumbi yote ya avenue inakuya kulala juu yake. Kiisha ikatokea ile rangi ya mikebe mbili: rangi mu mukebe moja, durcisseur, dawa ya kuigumisha, mu ingine. Unachanga, unapiga, inakauka nguvu na kung'aa sawa kioo, na wateja hawakutaka tena ingine. Ku mukebe ya durcisseur kulikuwa picha ya mutu mwenye amefunika pua na mudomo na kitu kubwa. Vijana wakaniuliza ule mutu ana nini. Nikawaelezea vizuri, sawa mwalimu: "Kwao kule kuko baridi. Anafunika mudomo juu ya baridi." Wakaamini. Hata mimi niliamini.

Na mubaya zaidi ya ile durcisseur, haina harufu kubwa. Diluant inakupiga pua, unajua iko. Durcisseur inaingia pole, hata haikubishe hodi. Pua yangu ikasema hakuna kitu, na mimi niliamini pua yangu, ile ile masomo ya Kalimba. Cabine yetu ilikuwa chumba ya nyuma ya kupigia rangi, yenye tulifunga na masashi ya plastique kila mahali ili vumbi isiingie. Vumbi haikuingia, kweli. Lakini na kitu ya ndani haikuwa na njia ya kutoka, ila mu kifua zetu.

Kukohoa ilianza mu chorale, kwaya yetu, jioni moja ya mazoezi kiisha kazi. Mimi nilikuwa basse, sauti ya chini, tena basse ya kujisikia, ile yenye inavuta kidevu chini. Tuko ku Gloria, kifua yangu ikaanza kupiga filimbi. Mukubwa wa chorale akageuka na hasira kutafuta ni mutoto gani ameleta filimbi mu kanisa. Watoto wakaangaliana, masikini. Mimi na mimi nikawaangalia watoto kwa ukali.

Mu Bukavu, mutu akikohoa na kukonda, nani anamuuliza anapumua nini? Wanamuuliza: "Ulikula wapi?" Nyinyi munaijua karuho, ile sumu yenye watu wanasema mutu wa wivu anakutilia mu sahani ao mu kikombe, ikukule polepole. Juu yake, kwetu chupa inafunguliwa mbele ya macho yako, na mwenye kukupa kasiksi, pombe ya ndizi, lazima aonje kwanza, umuone akimeza. Mimi nilikuwa profesa wa mambo ile. Ku matanga nafunika glasi na mukono, nikienda kukojoa naibeba. Siku ile ile, kiisha kufunika glasi, naingia mu cabine, nafungua mudomo katikati ya wingu ya durcisseur, naimba. Nilikuwa nafunika glasi na kuacha pua.

Na nilikuwa nakula wapi? Kwa maman Nabintu. Alikuwa na malewa yake, kibanda ya chakula, mbele ya portail, mulango kubwa ya garage: tôle ine za bati, banc mbili, chungu kubwa. Foufou, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, samaki ndogo ya ziwa. Siku ingine muchele ya Luberizi. Mujane, na ile chungu njo ilikuwa bwana wa nyumba, njo ilikuwa inalea watoto wake. Mudomo yake ilikuwa mukali. Siku moja nililalamika mbele ya wateja kwamba sambaza yake iko na muchanga, akanijibu: "Siku moja utajua bei ya mudomo yako." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini ile neno nikaiweka.

Sasa muangalie akili yangu vile ilitumika. Asubuhi tunapiga mastic ya kuziba mashimo na kusugua. Saa sita nakula. Kiisha kula naingia cabine na pistolet. Jioni kifua inafunga. Nikakaa chini nikafikiri kwa nguvu zangu zote: kabla ya kifua kufunga, kuko kitu mbili, sahani na pistolet. Nikachagua sahani.

Siku ingine akaniletea foufou, nikasukuma ile sahani mbele ya watu wote, nikasema: "Onja wewe kwanza." Akakaa ku banc mbele yangu, akakula. Hakuonja, akakula yote, na vidole akalamba. Mutu wa akili angeomba musamaha. Mimi nikasema: "Unaona? Alitia upande yenye hakukula." Na upande ile haikukuwa. Sahani ilikuwa imekwisha.

Lakini watu wanapenda sumu kuliko hesabu. Vijana wa garage wakaacha kula kwake. Wapita njia wakaacha. Jioni nilikuwa namuona anapita na chungu ku kichwa, nzito sawa asubuhi, watoto wake nyuma. Wale watoto walikula foufou ya wateja mpaka wakaichoka. Na mimi nilikuwa najisemea: Mungu eko, ananilinda.

Bibi yangu akaniambia niende kwa dada yangu, ku kilima ya Nyantende, kule kuko munganga mwenye anatapisha karuho. Nikaenda. Munganga akanipa maji ya mizizi, Yesu wangu, nilitapika mpaka nikakumbuka chakula ya ubatizo. Akaangalia mu beseni, akachukua kijiti, akagusagusa: "Unaona? Njo ile." Mimi niliona ganda ya muhindi. Lakini nikasema: "Ndiyo papa, naiona." Nikabakia Nyantende kwa dada, napalilia naye maharagi, nakunywa hewa ya kilima. Kifua ikafunguka. Ile filimbi ikapotea. Nikaimba Gloria mu shamba, peke yangu, kondoo wakaniangalia. Ushuhuda gani tena? Munganga alitoa karuho, basi karuho ilikuwa, basi Nabintu njo aliitia. Nikarudi mujini na sauti na hukumu.

Siku ya kuanza tena kazi ilikuwa Jumatano ya Majivu. Nilienda misa ya asubuhi, padri akanipaka majivu ku paji ya uso, nikafunga. Mimi nikifunga, nafunga kabisa, hata maji hapana, hata ile maziwa nikakataa mbele ya watu ili waone. Kulikuwa bus moja inangojea couche ya mwisho. Nikasema mutu asiiguse, fundi amerudia. Nikaingia cabine, nikachanga mikebe mbili, nikaanza ku capot, mbele ya bus.

Sikufika hata ku mulango ya bus. Kifua ikafunga sawa mutu amefunga robinet ya maji. Nikatoka nje na magoti, pistolet ingali mu mukono. Navuta hewa, haiingie. Vijana wakanizunguka, na mumoja akapiga kelele: "Amemurudilia! Amemutilia tena!" Mwingine: "Mulozi!" Wakatoka mbio ku portail.

Maman Nabintu alikuwa pale anachambua maharagi ya kesho yake. Nikaona tôle ya kwanza inaanguka. Watu wa njia wakaingia ndani, wenye hawajui hata kitu gani ilifanyika, na mikono yao imekuwa ngumi. Na nikasikia mutu anasema: "Kuleteni pneu." Garage iko na pneu mingi, munajua. Na munajua mu muji huu neno mulozi na neno pneu zikikutana zinafanya nini: wanachoma mutu. Kijana mumoja akapita mbele yangu anabingirisha ile pneu. Niliogopa mpaka leo naogopa.

Ilinipasa kusema neno moja tu: sijakula. Kama sijakula tangu jana, nani amenitilia, na alinitilia mu nini? Hata akili yangu mimi, ile ya kuchagua sahani, iliona. Lakini ile neno inataka pumuzi, na pumuzi haikuwa. Mudomo yenye iliharibia maman wa watu jina, siku ya kumuponyesha ikafunga.

Nikajikokota mpaka ku portail. Nikaonyesha paji yangu ya uso, majivu, ili waelewe kwamba nimefunga. Mumoja akasema: "Anaitisha padri! Anataka sakramenti!" Akaanza Salamu Maria, na wengine wakajibu. Nikatikisa kichwa. Nikaonyesha tumbo, kusema iko wazi, haina kitu. Wakalia: "Ni tumbo! Iko mu tumbo!" Na wakavuta tôle ya pili na nguvu zaidi. Kila kitu nilionyesha, nilimuongezea mashtaka.

Ni yeye mwenyewe njo alielewa. Walikuwa wamemushika kitenge, na juu ya kelele yao yote akalia na ile sauti yake ya kuita wateja: "Muangalie uso yake! Eko na majivu! Na miye niko na majivu! Leo nani amekula hapa? Moto yangu iko wapi? Mutie mukono mu chungu, iko baridi tangu jana! Mumuulize ule mujinga amekula nini leo!"

Wakageuka. Mutu mumoja akagusa chungu. Wakaniangalia wote, na mimi nikapeleka mukono ku mudomo nikaitikisa: hapana. Hapana. Hakuna. Machozi inatoka.

Kelele ikashuka. Ule kijana akaegemesha pneu ku ukuta, polepole, sawa hakuwa yeye mwenye aliileta. Kiisha mutu akauliza: "Sasa ile sumu imepitia wapi?" Tukageuka wote kuangalia nyuma, mulango ya cabine, na ile wingu ya rangi ilikuwa ingali inatoka pole pole chini ya plastique.

Wakasimamisha moto, pikipiki ya kubeba watu. Sikuweza kukaa peke yangu, na kila mwanaume alikuwa anaangalia viatu vyake. Maman Nabintu akafunga kitenge, akapanda nyuma yangu, akanishika na mikono mbili. Tukashuka ile mulima, mimi katikati ya mutu wa pikipiki na maman niliyemuita mulozi, na ananisemea mu sikio: "Usikufe leo, Bisimwa. Ukikufa leo wataniua. Ukufe kesho, kama unapenda." Ni aibu njo ilinikataza kufa, ninyi mucheke tu.

Munganga wa hospitali alikuwa maman kijana. Akanitia pompe ya dawa ya pumuzi mu mudomo, hewa ikaanza kuingia, kiisha akaniuliza mambo yenye hakuna mutu alishaniuliza. Natumika kazi gani? Rangi gani? Siku ya mungu nakohoa? Kule Nyantende nilikohoa? Nikajibu hapana, hapana, na kila hapana nilikuwa najisikia mudogo zaidi. Akaniambia durcisseur imefundisha kifua yangu kuikataa, na kifua haisahau: hata kidogo sana itaifunga, na siku moja haitafunguka. Nikamuambia kwa majivuno kwamba nilijilinda, nilikunywa maziwa kila siku. Akaniangalia na huruma. "Papa, maziwa inashuka mu tumbo. Hewa inaenda mu mapafu. Ni njia mbili. Ile ng'ombe amesumbuka bure." Maman Nabintu alikuwa ku mulango, akacheka mpaka infirmière, muuguzi wa pale, akamutoa inje. Nikauliza kama siwezi kumaliza hata ile bus. Hata couche moja? Munganga akasema hapana, hata kuichanga hapana, na masque, ile kitu ya pua ya mutu wa mukebe, sasa ni ya kuponyesha wale wengine.

Nilipopata nguvu nikaenda kwa patron, vijana wote nyuma yangu. Papa Murhula alihuzunika kweli. Akasema: "Nimesikia. Tutaongeza maziwa. Kila mutu vikombe mbili." Aki ya Mungu, alisema vile. Na hapo, mara moja mu maisha yangu, nikapata wazo lenye halikuwa la kijinga, na hata ile ilitoka kwa Nabintu na sahani yake. Nikamuambia: "Patron, kwetu mutu akikupa kinywaji anaonja mbele. Wewe njo unatupa durcisseur. Kijana ataingia kumaliza ile bus. Ingia na wewe, ukae kidogo ndani, pua wazi sawa sisi. Uonje."

Akacheka. Tukamungojea. Akatembea mpaka ku mulango ya cabine, akainua plastique, akaangalia ndani. Na mukono yake, bila yeye kuituma, ikapanda ikafunika pua. Watu wote wakaiona. Akairudisha chini, lakini tulishaiona. Vijana wakatia pistolet zao chini, mumoja mumoja, na patron akasema na sauti ya chini: "Muniambie kitu gani inaombwa."

Msidhani kiisha pale tulikuwa na akili. Masque za kwanza zilikuwa za karatasi, zile za vumbi. Tukajiona salama sawa ule mutu wa mukebe. Tukarudi kuzitafuta zenye cartouche ya kuchuja hewa, zenye zinashika uso. Na mimi, chef wa maziwa, nikafanywa chef wa masque. Nikazitundika mu cabine ndani, vizuri, kwa musumari, usiku na muchana. Kumbe cartouche inakunywa sumu hata haukuivaa. Asubuhi zimeshakwisha na tunazivaa kwa majivuno. Muziweke mu kopo yenye inafungika, mbali na rangi. Muzibadilishe mapema, musingoje pua iwaambie, juu durcisseur haina cha kuambia pua. Kunyoa ndevu pia: kulikuwa kijana mwenye ndevu nzuri ya mapenzi, masque ikakaa juu yake sawa kofia ku kichaka, hewa inapita pembeni. Alilia akizikata. Mchumba wake alilia zaidi.

Mutoboe ukuta, mutie ventilateur, feni ya kuvuta hewa inje, na isielekee malewa ya mutu. Musitie diluant mu chupa ya limonade; mimi nilitia, na niliikunywa, na sitaki muniulize. Nguo ya kazi ibakie ku kazi. Mikono ni sabuni, na kama mutu anasema sabuni ni ya wanawake, mumulete kwangu nimuonyeshe yangu. Maziwa mukunywe, iko tamu. Lakini mukunywe ku nyumba, juu ya njaa.

Sikupiga tena rangi. Nilikaa ku portail miaka iliyobakia, nasugua milango na maji inje, na kila mwenye anaenda cabine anapitia kwangu nimuangalie masque. Kijana wenu mumoja aliniita polisi wa pua. Nilipenda ile jina kuliko Pistolet.

Na maman Nabintu. Nilimuomba musamaha mbele ya wateja, nimesimama, kofia mu mukono, na nilisaidia vijana kusimamisha tena tôle zake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Sawa. Kaa." Akaleta sahani yangu, lakini kabla ya kuiweka, akakata tonge, akatia mu sombe, akakula, akameza, akafungua mudomo nimuone ndani. "Naonja, batu bote muone. Papa Pistolet asinikufie." Malewa yote ikacheka. Kesho yake vile vile. Mwaka wote, na mwingine, na mwingine. Wageni wanauliza ni nini, anawahadisia tangu sambaza ya muchanga mpaka ile pikipiki, na mimi nakaa pale na njaa mpaka ahadisie yote. Sikulalamika. Ilikuwa haki yake, na sombe ilikuwa nzuri.

Siku yangu ya mwisho ya kazi, vijana walinipa koti, patron akasema maneno mazuri. Saa sita nikavuka njia, nikakaa ku banc yangu, nikatia mikono juu ya magoti kungojea aonje. Maman Nabintu akakuya, akaweka sahani mbele yangu, akageuka kurudi ku chungu yake.

Nikamuita: "Maman, umesahau kuonja."

Hakugeuka hata. "Kula, papa," akasema. "Inapoa."

Nilikula, na sambaza ilikuwa na muchanga. Nikanyamaza.